Chumba cha vioo nilichokipamba kabla sijakielewa

Sakafu ilianza kunyanyuka katikati ya Julai. Nilikuwa nimelala baada ya zamu ya usiku hospitalini. Nilipoamka alasiri nikafungua mlango wa chumba cha vioo ili nikae na chai yangu, mguu ukajikwaa mahali ambapo juzi palikuwa tambarare. Mbao za laminati nilizozilipia pauni 480 miezi mitatu tu nyuma zilikuwa zimeumuka katikati ya chumba kama andazi kwenye mafuta. Nikatazama kipimajoto cha ukutani: nyuzi 43. Mapazia yangu ya mahameli, ya rangi ya divai, yalikuwa yameshaanza kufifia kwenye mikunjo inayopigwa na jua. Nilikaa palepale mlangoni nikalia, kwa sababu nilijua ni pesa ya zamu ngapi iliyokuwa imeharibika mbele yangu.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu mnaonunua nyumba huku Uingereza, mkakuta nyuma kuna kile chumba cha vioo ambacho wenyeji huita konsavatori, mkataka kukitengeneza kwa mtindo wa kale wa Ulaya, vigae vya nakshi, viti vya fito, milimao kwenye vyungu, na bustani ndogo yenye mistari iliyonyooka mbele yake. Ni kitu kizuri, na mimi bado nakipenda. Ila nilikianza kwa kinyumenyume, na kosa hilo lilinigharimu karibu miaka mitatu.

Nyumba yetu iko karibu na Derby. Konsavatori ilijengwa miaka ya 1990, upana mita tatu na nusu kwa urefu wa mita nne, fremu za plastiki nyeupe, mbele imekatwa pembe pembe kwa umbo ambalo wauzaji hulitaja kwa jina la Malkia Victoria. Paa lilikuwa la plastiki yenye vijitundu ndani kwa ndani, ile ambayo mvua ikinyesha hamsikilizani. Mume wangu alitaka kuweka baiskeli na mashine ya kufulia. Mimi nilishakuwa na ndoto yangu.

Ndoto yenyewe niliipata Kew, ile bustani ya mimea ya London, majira yangu ya kwanza ya baridi katika nchi hii. Rafiki alinipeleka kwenye ile nyumba kubwa ya michikichi, Palm House, iliyojengwa kati ya 1844 na 1848 na msanifu majengo Decimus Burton pamoja na Richard Turner, mhandisi wa chuma. Nje mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nikasukuma mlango, miwani ikafunikwa na mvuke, na pua yangu ikakutana na harufu ya udongo mbichi na majani yaliyolowa. Mimi nimekulia upande wa Muheza, Tanga, na utotoni tulikuwa tukipanda milima ya Usambara hadi Amani kwa ndugu wa mama. Ile harufu ilikuwa Amani baada ya mvua. Nilisimama sijui dakika ngapi, koo limenikaba. Nikajiambia siku nikiwa na nyumba yangu, nitakuwa na chumba kama hiki, hata kiwe kidogo namna gani.

Ningeishika ile harufu nikaifuata, nisingepotea. Badala yake nilifuata picha. Kila usiku nilikuwa naangalia picha za vyumba vya vioo vya kitajiri na kuagiza kimoja kimoja: mahameli pauni 360, taa ya vishada vya fuwele 140, seti ya viti vya fito vyenye mito ya hariri bandia 520, benchi la chuma la mfano wa kale 310, sanamu ya saruji ya binti aliyebeba mtungi 175, milimao miwili 170. Ukijumlisha na sakafu na takataka ndogo ndogo, nilitumia zaidi ya pauni 2,200 kabla ya Juni. Risiti nyingine nilizificha kwenye mkoba wa kazini. Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko sakafu. Siku mume wangu alipozikuta, hakugomba. Aliniuliza tu, "Mke wangu, hiki chumba ni cha kukaa au cha kutazama?" Sikuwa na jibu.

Oktoba paa likaanza kuvuja kwenye maungio yake na ukuta wa nyumba, maji yakashuka hadi karibu na waya wa ile taa. Novemba vioo vikaanza kutoka jasho. Asubuhi maji yalitiririka ndani ya madirisha, yakadimbwika sakafuni, na nyuma ya mahameli pakaota ukungu mweusi. Milimao ilidondosha majani yote. Nilidhani ina kiu, nikazidi kuimwagilia, mizizi ikaoza. Mmoja ulikufa kabla ya Krismasi.

Wakati huo baridi ilikuwa inatusumbua sana, na tukapata wazo ambalo lingetuletea balaa jingine. Tuliamua kung'oa ile milango inayotenganisha sebule na konsavatori, ili joto la nyumba lipite. Fundi alikuwa aje Jumatatu. Jumamosi jirani yetu, mzee aliyestaafu uashi, alituona tukipima akauliza tunafanya nini. Akatuambia tusimamishe kwanza tuwaulize watu wa halmashauri. Tulipouliza tukaelewa. Hapa England konsavatori husamehewa kanuni nyingi za ujenzi kwa masharti: iwe usawa wa ardhi, eneo lake lisizidi mita za mraba 30, itenganishwe na nyumba kwa ukuta na milango ya ubora wa nje, na joto lake lijitegemee, lisiunganishwe na mfumo wa nyumba. Ukiondoa milango, msamaha unaondoka, na chumba kizima kinatakiwa kikidhi viwango kama nyumba kamili. Siku ya kuuza nyumba hapo ndipo ungebanwa. Kwa hiyo usiguse ile milango kabla hujauliza, na kama nyumba yako iko kwenye eneo la hifadhi au imeorodheshwa kama jengo la kihistoria, uliza hata kabla ya kupaka rangi.

Mzee yule ndiye aliyenishauri niende Chatsworth, jumba la kifahari la Duke wa Devonshire, siyo mbali na kwetu. Nilidhani ananituma nikaone mapambo. Alitaka nikaone uwanja mtupu. Pale Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Duke, alijenga kati ya 1836 na 1841 nyumba ya vioo yenye urefu wa mita 84, pana kiasi cha gari la farasi kupita katikati yake, na Malkia Victoria alipitishwa humo mwaka 1843. Chini ya ardhi kulikuwa na matanuri manane na reli ndogo ya kuleta makaa ya mawe. Vita Kuu ya Kwanza vilipofika, makaa na watu vikakosekana, mimea ikafa, na mwaka 1920 jengo likalipuliwa kwa baruti. Leo ndani ya kuta za msingi wake kuna bustani ya njia za kupotezana. Nilizunguka pale nikifikiria hita yangu ya umeme ambayo bili yake mwezi mmoja ilifika pauni 190. Yule Duke alikuwa na makaa na wafanyakazi wa kukesha nayo. Mimi nina mshahara wa nesi. Konsavatori yangu lazima iwe ya kiwango cha joto ninachoweza kukilipia, na mimea na mapambo yafuate hapo.

Kuanzia siku hiyo nilibadilisha utaratibu. Niliuza benchi, taa na mito kwa chini ya nusu ya bei. Mahameli niliyatupa, ukungu haukutoka. Kisha tukakaa mwaka mzima bila kununua pambo hata moja, tukidunduliza kwa ajili ya paa.

Paa lilikuwa pauni 7,800, vioo viwili viwili vyenye utando wa kupunguza joto la jua, pamoja na matundu mawili ya juu yanayofunguka. Ni pesa nyingi, na kuna waliotuambia tuweke paa zito lenye vigae kama la nyumba. Mimi nilikataa, na sijutii. Chumba cha aina hii kinaishi kwa mwanga wa juu. Hata historia yake inasema hivyo: Uingereza ilipofuta kodi ya vioo mwaka 1845, ndipo nyumba hizi zikaanza kuenea hadi kwa watu wa hali ya kati. Ukiziba juu, unapata sebule nyingine yenye madirisha mengi. Nilichojifunza kwa mafundi watatu walioleta makadirio ni kuuliza swali moja: hewa ya moto itatokea wapi? Wawili walinionyesha madirisha ya pembeni. Wa tatu alinyoosha kidole juu. Huyo ndiye tuliyempa kazi. Hewa moto hupanda, na kama juu hakuna pa kutokea, pembeni fungua hata mlango, utapikika tu. Julai iliyofuata kipimajoto hakikuvuka nyuzi 31.

Mapazia ya kitambaa sitaki kuyaona tena humo. Nimeweka mapazia ya kukunjika ya vijiti vyembamba vya mbao vilivyofumwa kwa uzi, mtindo wa Kifaransa. Yanachuja jua, yanakauka haraka, na kivuli chake kinanikumbusha jamvi. Kwa jasho la vioo nilinunua mashine ya kunyonya unyevu, pauni 150, na kila asubuhi nafungua tundu moja la juu kwa dakika kumi hata kama nje kuna jalidi.

Sakafu nayo ina habari yake. Stoke-on-Trent, mji wa vigae ambako Herbert Minton alifanya kazi yake katika karne ya 19, si mbali na kwetu. Nilitamani vigae halisi vya kale, vile ambavyo nakshi haikuchorwa juu bali ni udongo wa rangi tofauti uliojazwa ndani ya udongo, ndiyo maana hata vikikanyagwa miaka mia ua halifutiki. Nilivikuta kwa wauzaji wa mabaki ya nyumba zilizobomolewa, lakini unene wake ulitofautiana, na vingine vilikuwa na chumvi nyeupe inayotoka juu. Kwa bajeti yangu nikachukua vigae vipya vya kaure, vidogo, rangi nne: nyeusi, hudhurungi, nyekundu ya matofali na ile ya maziwa. Pauni 610 vigae, na fundi pauni 700.

Fundi wa kwanza alianza kuvibandika kutoka ukutani. Kuta za nyumba hizi hazijanyooka. Alipofika mstari wa sita, nakshi ilikuwa imepinda, na mlangoni kingebaki kipande chembamba kama ukucha. Tukang'oa. Wa pili alitafuta katikati ya chumba kwa kamba, akavipanga vyote vikavu bila gundi, akaniita nisimame mlangoni nitazame, akasogeza sentimita mbili, akaniita tena. Siku nzima ilipita hajachanganya gundi. Nilianza kukasirika, nikakumbuka babu yangu alivyokuwa anapiga kamba ya msingi, anarudi nyuma, anakodoa jicho moja, halafu anasogeza kigingi. Huyu ndiye fundi. Basi ukiweka nakshi, mlipe mtu wa kupanga vikavu kwanza, na hakikisha zege la chini limepimwa kwa pima maji na limekauka. Gundi iwe ile inayovumilia kutanuka na kusinyaa, kwa sababu chumba hiki mchana ni Tanga na usiku ni Lushoto.

Bustani nilikosea kosa lilelile la kutokuangalia kutoka mlangoni. Nilitaka kipande cha bustani ya Kifaransa, vitalu vinne vilivyozungushiwa ua mfupi, njia ya kokoto katikati na chungu kikubwa mwishoni. Nilipima kutoka kwenye uzio, nikachimba, nikapanda miche 60. Nilipoingia ndani kukaa kwenye kiti changu nikaona njia inakwenda kando, kama mtu anayekupita bila salamu. Katikati ya mlango na katikati ya njia zilipishana sentimita 40. Mtindo huu wote umesimama juu ya mstari unaoanzia pale jicho lilipo ndani ya nyumba na kwenda hadi mwisho. Bustani za kasri la Versailles kule Ufaransa ni hivyo, na kipande cha mita nane kwa tano ni hivyohivyo. Ukipata mstari huo, hata bila pambo bustani inatulia. Ukiukosa, weka sanamu kumi, macho yatahangaika.

Kuhusu miche yenyewe: nilipanda Buxus, ule mmea wa majani madogo unaokatwa umbo la ukuta na mpira, kwa sababu ndio unaoonekana kwenye bustani zote za kale. Hakuna aliyeniambia kwamba siku hizi una maadui wawili. Mmoja ni ugonjwa wa kuvu unaokausha majani, wa pili ni nondo kutoka Asia Mashariki, aliyeonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Viwavi vyake ni vya kijani vyenye mistari myeusi, vinajifunga utando ndani ya kichaka na kula kutokea huko. Nilirudi kutoka likizo ya wiki mbili nikakuta miche 60 imebaki vijiti. Nilivitoa viwavi kwa mkono jioni tatu, nikashindwa. Nimepanda upya Euonymus japonicus ya majani madogo, na kwa jicho la mgeni tofauti haionekani. Kama unaanza leo, usinunue Buxus kwa mapenzi ya historia.

Vyungu vya udongo pia, angalia. Vya bei rahisi hunywa maji, maji yakiganda chungu kinapasuka vipande. Nilipoteza vinne usiku mmoja. Sasa nina viwili tu vya udongo mgumu kutoka Impruneta, karibu na Florence, vilivyochomwa kwa ajili ya kukaa nje, na vimeinuliwa kwa visigino vidogo chini ili maji yatoke. Bora viwili hivyo kuliko kumi vya kupasuka. Ile sanamu ya binti mwenye mtungi nilimpa jirani. Ilikuwa kubwa mno kwa eneo letu, na mama alipoiona kwenye video alisema, "Mwanangu, huyo mbona hajavaa?" Sikutaka kumkwaza kila anapopiga simu.

Viti nilivipata mnadani, viwili kwa pauni 65, vya Lloyd Loom, vile vilivyofumwa kwa karatasi iliyosokotwa, nyuzi nyingine zikiwa na waya ndani yake, ufumaji uliobuniwa Marekani mwaka 1917. Nilivisugua, nikavipaka rangi ya kijani kibichi mara mbili. Unyevu hauvisumbui kama ulivyosumbua vile vya mwanzo.

Mimea ndiyo ilikuja mwisho, na ndiyo iliyokifanya chumba kiwe chumba. Mlimao uliobaki nilijifunza kuutunza: majira ya baridi maji kidogo sana, usiku joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na mwisho wa Mei unatoka nje hadi Oktoba, kama wanavyofanya Versailles na michungwa yao. Mwaka jana ulishikwa na vidung'ata, wale wadudu weupe wa pamba tunaowajua kwenye muhogo. Niliwafuta kwa pamba yenye spiriti kila Ijumaa kwa wiki sita. Makangaga yako pembe ya kivuli. Na nilipoanza kusoma ni mimea gani hasa ilikuwa ikijaza vyumba hivi zamani, nilikutana na kwetu. Ua lile la vyungu lenye rangi kali, wanaloliita busy lizzie, John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko, alilipeleka Kew kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 Joseph Hooker, mkurugenzi wa Kew, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Na lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalouzwa hapa kila duka kubwa kwenye kikopo cha plastiki, ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta Usambara mwaka 1892. Wendland, mtaalamu wa mimea wa Hanover, akaliita Saintpaulia mwaka uliofuata, na Wajerumani hadi leo huliita Usambaraveilchen.

Nililinunua kwa pauni nne. Kosa la mwisho: nililiweka juani katikati ya meza, majani yakaungua madoa ya kahawia ndani ya siku tano. Kwao linaota kwenye miamba yenye kivuli, karibu na vijito. Nikalihamishia upande wa kaskazini, nyuma ya makangaga, juu ya sahani ya kokoto zenye maji, na simwagilii majani kabisa, namwaga chini tu kwa maji ya uvuguvugu.

Jumapili iliyopita mama alipiga video. Nikamzungusha simu chumba kizima, vigae, viti, mlimao wenye malimao matatu bado ya kijani. Alikuwa akiitikia tu, "Vizuri, mwanangu, hongera." Nilipofika kwenye pembe ya kivuli akanyamaza, akasogeza uso karibu na kioo.

"Hebu rudi. Hilo ua si la kule mawe ya mtoni, Amani?"

"Ndilo, mama."

"Tulikuwa tunalikanyaga tukienda kuchota maji." Akanyamaza tena. "Limeshika vizuri hapo. Usilisogeze."